Waliobaki Kwenye Basi

Mke wangu ndiye aliyekuwa mtu wa hesabu nyumbani kwetu. Mimi niliishia darasa la nane, yeye alifika kidato cha pili, na tofauti hiyo tuliiheshimu. Nilipotoka kazini jioni nilikuwa nikimkuta sakafuni na binti yetu wakipanga vijiko, maharagwe, vifuniko vya soda, wakijumlisha na kutoa huku viazi vikichemka. Kisha akaenda hospitali kujifungua mtoto wetu wa pili, na wote wawili hawakurudi. Tuliwazika pamoja katika shamba la baba yangu, chini kidogo ya mji wa Meru.

Kazi zake zikawa zangu. Nilijifunza kupika uji usio na madonge. Nilisuka nywele vibaya mpaka mama wa nyumba ya pili akanihurumia, akawa anamsuka mtoto Jumapili baada ya kanisa. Lakini hesabu sikuigusa. Nilidhani shule itatosha.

Haikutosha. Binti yetu alipoingia gredi ya tatu, mwalimu wake aliniita. Nilifika na mikono yangu yenye makovu ya miiba ya waridi, nikaketi kwenye kiti kidogo cha wanafunzi, na yeye akanionyesha karatasi ya mtihani. Juu kulikuwa na majibu, mazuri tu. Chini, penye maswali ya maneno, palikuwa peupe.

"Huyu si mtoto mjinga," mwalimu alisema. "Hakosei. Anaacha. Nikimuuliza kwa nini, anaangalia viatu."

"Ni mambo ya mama yake," nilisema.

"Najua, pole. Lakini akizoea kuacha, mwaka ujao hatashika kitu. Una simu ya kugusa?"

"Iko, ila imepasuka kioo."

"Si inawaka?"

"Inawaka."

"Basi lete."

Akaniwekea mchezo wa hesabu kutoka kwenye simu yake. Aliniambia hautakula bando, mtoto acheze kidogo kila jioni, nami niketi kando yake, nisimwache peke yake na simu. Nilitoka pale nimeshika ile simu kama mtu aliyepewa dawa. Upepo wa Timau, tunakoishi, ulikuwa unapiga ngano upande wa pili wa barabara, na mimi nilikuwa nikijisemea kwa sauti kama mlevi: huyu hataniponyoka. Mama yake na mdogo wake nimewakosa. Huyu hapana.

Jioni hiyo nilifungua mchezo. Uliuliza umri wa mtoto, nikaandika. Kisha ukauliza ni watoto wangapi nyumbani watakaocheza, nami nikaandika wanne.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu mtu wa mbali atadhani nilikosea kubonyeza. Kwetu, ukiulizwa una watoto wangapi, unajibu "wapo," au "ni wale Mungu alitupa." Ukibanwa sana na karani, unataja namba yoyote isiyo ya kweli. Watu hawahesabiwi, wala mbuzi zizini, wala vifaranga kabla hawajakua. Sikumbuki nikifundishwa hivyo. Niliikuta tabia hiyo mwilini mwangu, kama kuvua kofia kanisani. Kwa hiyo kidole changu kilidanganya kabla sijafikiri, na simu ikanipa nyuso nne za katuni zikiwa zimejipanga mstari. Mmoja tukaupa jina la binti yangu. Tatu zikabaki bila majina.

"Na hawa wengine ni nani?" aliuliza.

"Ni mchezo tu," nilimjibu. "Bonyeza wako."

Akabonyeza. Maembe yakaanza kudondoka kwenye kikapu, nane, halafu sita zaidi, na yeye akapata jibu kabla mimi sijamaliza kuangalia. Ndege wa buluu akatokea na kucheza dansi akitingisha matako. Binti yangu akacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu mazishi, na niliinuka kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Siku zilizofuata alimaliza maembe, akamaliza nyota, akamaliza matofali. Halafu tukafika kwenye vifaranga. Banda lilikuwa upande mmoja, mama kuku akiita, na vifaranga wakiingia ndani kwa kukimbia. Mwishoni unaulizwa wameingia wangapi. Ukichelewa, mlango unafungwa na puto linapasuka.

Hakubonyeza chochote. Puto likapasuka. Mchezo ukarudia, puto likapasuka tena.

"Nimechoka, baba," alisema, akanirudishia simu.

Kesho yake ilikuwa vile vile. Niliamua kwamba vifaranga wanakimbia mno kwa mtoto, kwamba inabidi kwanza mimi mwenyewe niwajue ndipo nimfundishe. Nafanya kazi kwenye shedi ya kupakia maua. Tunapanga waridi mashina kumi kumi, tunakata, tunafunga, yanaenda kwenye chumba cha baridi. Simu tunaziacha mlangoni na kuzichukua saa ya chakula. Basi saa ya chakula nikawa najitenga mwisho wa benchi na sahani ya githeri, nikihangaika na vifaranga.

Wenzangu waliniona.

"Mzee wa waridi anabeti!" alisema kijana mmoja wa kitengo cha kukata. "Leo ni timu gani?"

"Beti gani, si unaona kuna kuku?" mama mmoja alichungulia begani kwangu. "Haki huyu amerudi chekechea."

"Umefika darasa gani, mzee?"

"Banda la pili," nilisema bila kuinua macho. "Na nimepoteza vifaranga wanne."

"Wanne! Pole sana. Enda ofisini wakupe likizo ya ms..."

Hakumaliza neno. Alikumbuka. Benchi zima likakumbuka, vijiko vikasimama. Kijana aliangalia sahani yake.

"Si vibaya," nilimwambia. "Ni ya mtoto. Nataka ajue hesabu."

Yule mama akaketi kando yangu. "Hebu tuone. Wewe, angalia mlango, usiangalie kuku. Kuku watakuchanganya." Na tangu siku hiyo nilikuwa na watu wa kunisaidia. Walikuwa wakipiga kelele "huyo, huyo anaingia!" mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Banda lote nililimaliza. Lakini nilipompelekea binti yangu ile mbinu ya kuangalia mlango, alinisikiliza kwa heshima na bado hakubonyeza.

Kwa kuwa mimi nilikuwa nimelivuka banda, mchezo ulifungua mbele. Kulikuwa na lori la machungwa: unapewa machungwa ishirini na mawili, saba yanaanguka barabarani, mangapi yamebaki. Ni hesabu ngumu kuliko ile ya vifaranga. Nilimpa bila kutarajia kitu. Alilimaliza lori lote jioni moja, ndege akacheza dansi mpaka nikamchoka. Baada ya lori likaja basi la shule. Ndani kulikuwa na watoto watano, wamevaa sweta, wanapunga mikono. Basi likasimama, watoto wawili wakashuka, wakatokomea kando ya kioo. Wamebaki wangapi?

Binti yangu aliifunika simu kifudifudi juu ya meza.

Nilitaka kukasirika. Lakini kazini nimezoea kwamba shina likirudishwa kutoka ukaguzi, hukasiriki, unauliza limerudishwa kwa nini. Nilichukua vijiti vya waridi nilivyokuwa nimekuja navyo vya kuwashia moto, nikaweka vitano mezani, nikaondoa viwili.

"Vimebaki vingapi?"

"Vitatu," alisema, kama ninamuuliza jina lake.

"Na kwenye basi?"

Akaisukuma simu mbali naye.

"Machungwa unaweza. Vijiti unaweza. Maembe unaweza." Nilikuwa nikiongea polepole kwa sababu mimi mwenyewe ndipo nilikuwa nikiona. "Vifaranga huwezi. Watoto huwezi. Ni vitu vyenye uhai, sivyo?"

Aliangalia viatu, kama mwalimu alivyosema.

"Nikisema, watapungua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Cucu."

Hapo nikaikumbuka ile siku. Mama mkwe wangu, ambaye binti yangu humwita cucu, alikuwa amekuja kutoka kwao Kanja, Embu, kumsaidia mke wangu siku za mwisho za mimba. Binti yangu alikuwa amepanga sahani za chakula cha mchana, akazielekezea kidole moja moja kwa majivuno: cucu, baba, mama, mimi. "Tuko wanne," alisema, "na mtoto akija tutakuwa watano!" Na cucu, akipakua mukimo, bila ukali wowote, alisema kama wanavyosema wazee wetu wote: "Watu hawahesabiwi, mama. Wakihesabiwa wanapungua." Mke wangu alicheka. Mimi nilikuwa nanawa mikono. Hakuna mtu mzima aliyefikiria jambo hilo tena.

"Nilihesabu watano," binti yangu alisema. "Wakapungua wawili."

Alikuwa ameibeba hesabu hiyo peke yake kutoka gredi ya pili. Kila swali la mtihani lenye watoto darasani, abiria kwenye gari, mbuzi malishoni, lilikuwa linamuuliza kama anataka kuua mtu mwingine.

"Si kweli," nilimwambia hatimaye. "Mama alitokwa na damu nyingi. Daktari alinieleza. Haikuwa wewe."

Alinitazama usoni. "Basi hesabu wewe, baba. Hesabu sisi."

Ningependa kuandika kwamba nilihesabu. Nilifungua mdomo. Tulikuwa tumebaki mimi, yeye, na cucu kule Kanja. Ni namba ndogo ambayo hata mtoto wa chekechea huitaja. Lakini niliona uso wake pale kwenye taa, nikaona kwamba nikiitaja na kesho kitu kikatokea, sitajisamehe. Mdomo wangu ukajifunga. Yeye akaona. Akaenda kukunja sweta yake.

Hapo nikajua la kufanya. Neno lilitoka kwa cucu, na ni cucu tu angeweza kulirudisha. Shule zilipofungwa mwezi wa nane niliomba ruhusa kazini, nikanunua sukari na majani ya chai, nikajaza gunia dogo la viazi vya Timau ambavyo kule Kanja huvisifu sana, tukaenda.

Watu wa kwetu watajua ugumu wake. Mama mkwe humkosoi. Hamketi karibu, hamkodoleani macho, ukila kwake unakula kidogo hata kama una njaa. Yeye huniita muthoni, yaani mkwe, na mimi humwita mama, na kwa miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tumezungumza zaidi habari za mvua. Sasa nilikuwa naenda kumwambia kwamba neno lake limemfunga mjukuu wake, na mazishi ya binti yake mwenyewe hayajatimiza miaka miwili. Usiku mzima kabla ya safari nilikuwa nimepanga maneno. Yote yaliyeyuka nilipoliona geti lake.

Alitupokea kwa chai. Mimi nikaketi kwenye benchi nje ya jiko, yeye ndani penye moto, mlango ukiwa wazi kati yetu, mtoto akiwa ndani naye. Tulimaliza mvua. Tulimaliza kahawa, na ng'ombe. Nikaona kwamba nisiposema sasa nitasema "haya mama, kesho," na kesho nitarudi Timau.

"Mama," nilisema nikiangalia migomba. "Kuna neno limemkaa mtoto."

"Neno gani, muthoni?"

Nikamweleza. Basi, machungwa, vifaranga, zile sahani. Nilisema yote bila kugeuza kichwa. Nilisema pia kwamba si neno lake peke yake, kwamba mimi mwenyewe niliombwa nihesabu na nikashindwa. Nilipomaliza nilimsikia akisukuma kuni motoni.

Nilidhani nimemkosea. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha niliposikia akimwambia mtoto, "Lete hiyo simu."

Nikageuka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mjukuu kati ya magoti yake, simu kwenye kiganja. Alikuwa ameisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wenye macho ya kizee.

"Hawa ndio watoto?"

"Ndio, cucu."

"Mbona wamevaa sweta na jua linawaka?"

"Ni katuni, cucu."

"Hata katuni inahisi joto." Aliwaangalia wakishuka wale wawili, mpaka puto likapasuka, akashtuka. "Wee! Ni nini hiyo?"

"Umechelewa, cucu." Na kwa mara ya kwanza tangu tufike, mtoto alitabasamu.

Cucu aliiweka simu magotini. Akamgeuza mjukuu wake wamtazamane.

"Sikiliza, mama. Mimi niliambiwa na mama yangu kwamba watu hawahesabiwi, na yeye aliambiwa na mama yake. Nikatii. Nilizaa watoto, na tangu nizae wa kwanza mpaka leo sijawahi kuwahesabu, hata moyoni. Mtu akiniuliza nasema wako. Umesikia? Hata siku moja."

"Ndio, cucu."

"Na mama yako nimemzika. Na mjomba wako aliyeanguka kwenye machimbo, nimemzika. Na kale kachanga kangu ka kwanza, hujakaona, hata mama yako hakukaona. Sikuwahesabu na bado walienda. Sasa niambie, ni nani aliyewahesabu hao?"

Mtoto akaangalia viatu.

"Hakuna," cucu alisema. "Hakuna aliyewahesabu."

Kisha akainua mkono wake wa kushoto na kuanza, kwa Kiembu, akikunja kidole kimoja kimoja, na kwa kila kidole alitaja jina. Alipomaliza mkono wa kwanza alipumzika kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nilisimama saa ngapi. Alihamia mkono wa pili. Jina la mke wangu lilikuwa kidole cha saba, na hapo sauti yake ilishuka lakini haikukatika. Akamaliza.

"Nane," alisema, akavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Kumbe ni nane. Niliwazaa wanane. Na watatu nimewazika."

Na chini chini, kwa ile sauti ya kujibu vijiti vya waridi, binti yangu alisema:

"Wamebaki watano."

Alijisikia mwenyewe na akaziba mdomo kwa mkono. Cucu akauondoa ule mkono.

"Eeh," alisema. "Watano. Hujakosea."

Tulikaa Kanja mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa. Sitadanganya kwamba hofu iliisha siku hiyo. Kesho yake asubuhi binti yangu alimfuata cucu kila mahali, mpaka kwa ng'ombe, akimchunguza kama bado anapumua vizuri, na mimi nilimpigia simu shemeji yangu, mmoja wa wale watano, nikijifanya nauliza bei ya mbolea. Alikuwa mzima. Wote walikuwa wazima. Siku ya tatu mtoto aliomba simu bila kuambiwa.

Ule uso wa pili usiokuwa na jina tukampa cucu. Aliukubali kwa sharti kwamba ubadilishwe nywele, maana hawezi kuwa na nywele za rangi ya waridi katika umri wake. Alicheza vibaya mno. Vifaranga walimshinda kabisa, kwa sababu alikuwa akiwaonea huruma wale wa nyuma na kungoja nao waingie, na mjukuu wake alikuwa akimgombeza: "Cucu, angalia mlango! Usiangalie kuku!" Na yeye akijibu, "Mama yao yuko wapi na hawa wanabaki nje?" Hivyo ndivyo binti yangu alivyomaliza banda lile, kwa kumsahihisha cucu. Kwenye basi alisita, akatutazama, kisha akabonyeza tatu. Ndege akacheza dansi.

Siku ya mwisho alipanga sahani za mchana. Alizielekezea kidole, lakini hakusema kitu. Akanitazama mimi.

Nilijua ni zamu yangu.

"Tuko watatu," nilisema. Sauti ilitoka kavu, lakini ilitoka.

"Watatu," cucu alisema, akapakua.

Nilirudi kazini Jumatatu. Saa ya chakula yule mama wa kwenye benchi aliuliza mtoto anaendeleaje na kuku wake, nikamwambia amewamaliza, sasa yuko kwenye kuzidisha, na kuzidisha kunanishinda mimi. Walicheka. Yule kijana wa kitengo cha kukata, ambaye tangu siku ile aliponitania likizo alikuwa akiniogopa, akaona afadhali naye aulize kitu.

"Kwani una watoto wangapi, mzee?"

Neno "wapo" lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Nililiacha hapo nikameza githeri.

"Wawili," nilimwambia. "Msichana, yuko gredi ya tatu. Na mvulana. Yeye tulimzika na mama yake."

Hakuna aliyenyamaza kwa aibu mara hii. Kijana alitikisa kichwa polepole. "Wawili," alisema, na akanisogezea chumvi.